Shule mbili zimepima mzingo wa Dunia kwa kijiti na kivuli, jibu limetoka km 47,250. Kosa liko wapi?

#1 Chaki Nyeupe
Wakuu, salaam. Kuna programu ya elimu ya anga kwa shule za sekondari: walimu wanafundishwa siku moja, kisha shule zinapangwa mbili mbili, na kila jozi inapima mzingo wa Dunia kwa njia ya Eratosthenes, yule msomi wa Kigiriki wa kale: unapima pembe ya kivuli cha adhuhuri sehemu mbili, na tofauti ya pembe kwa nyuzi 360 ni sawa na umbali kwa mzingo wote. Jozi moja imeleta hivi:

Shule A (kusini): kijiti sm 100, kivuli sm 21.3
Shule B (kaskazini): kijiti sm 100, kivuli sm 27.2
Umbali kati yao: km 420

Vivuli vyote viwili vilielekea kaskazini. Ukigawa kivuli kwa kijiti na kutafuta tanjenti kinyume, A inapata nyuzi 12.0, B nyuzi 15.2, tofauti 3.2. Halafu 360 ÷ 3.2 × 420 = km 47,250. Mzingo unaopita kwenye ncha mbili za Dunia ni km 40,008. Tumezidi kwa asilimia 18.

Walimu wanasema ni "makosa ya kawaida ya upimaji". Sikubali. Kosa la asilimia 18 lazima liwe na jina.

#2 Timazi
Jina lake ni kijiti kilichoinama.

Anza na hesabu hii: km 420 za kaskazini-kusini zilitakiwa kuwa nyuzi 3.78. Mmepata 3.2, kwa hiyo zimepotea 0.58. Sasa chukua kijiti cha sm 100, sukuma ncha yake ya juu sm 1 tu. Hiyo ni nyuzi 0.57. Kesi imekwisha.

Watu wengi hubandika pima maji upande mmoja wa kijiti na kuridhika. Lazima pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Kikiinama mashariki au magharibi hasara ni ndogo saa ya adhuhuri, lakini kikiinama kaskazini au kusini kosa lote linaingia kwenye jibu. Dawa ni kuachana na kijiti: ning'iniza uzi wenye nati chini, fundo moja juu, pima kivuli cha fundo. Timazi haijui kuinama.

#3 Bi Kikokotoo
Timazi umeanza vizuri, ila umeruka jambo kubwa zaidi. Jua si nukta. Upana wake angani ni nyuzi 0.53, ndiyo maana ncha ya kivuli haina mwisho mkali: kuna weusi, halafu ukungu, halafu mwanga. Kwa kijiti cha mita 1 ukungu huo ni sm 1 hivi.

Mwambie mwanafunzi mmoja aweke alama mwisho wa weusi na mwingine mwisho wa ukungu. Wamepishana nyuzi 0.5 bila yeyote kukosea chochote. Kama A walifuata ukungu na B wakaishia kwenye weusi, tofauti inapungua karibu kwa kiasi kile kile kilichopotea. Wala hakuna aliyeinamisha kijiti.

Tiba: kadi ngumu yenye tundu la mm 3, ilale juu ya kijiti. Chini utapata doa la mwanga, ambalo kwa kweli ni picha ya jua, upana mm 12 hivi. Weka alama katikati ya doa. Hata mtoto hakosei zaidi ya mm 1.

#4 Kifutio
Uzi huu una nyuzi 0.58 zilizopotea, zitafutwe.

Ila jamani, Eratosthenes alichungulia kisima kimoja pale Alexandria, hakuwa na pima maji wala kadi yenye tundu, akapata jibu kwa kosa la asilimia 2. Nyinyi mna simu mfukoni.

#5 Kumbukumbu
Kifutio, kisima kilikuwa Syene, Aswan ya leo, ambako jua la kiangazi lilifika utosini. Alexandria ndiko kulikopimwa kivuli: sehemu 1 ya 50 ya duara, yaani nyuzi 7.2. Umbali ulichukuliwa kuwa stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha umbali cha Wagiriki wa kale), jibu stadia 250,000.

Na hiyo "asilimia 2" usiishike kwa nguvu. Inategemea stadia moja ilikuwa mita ngapi, na wataalamu hawajakubaliana. Ukisema mita 157.5 unapata km 39,375, kila mtu anapiga makofi. Ukisema mita 185 unapata km 46,250. Kwa stadia hiyo ndefu, shule za mleta uzi ziko karibu sawa na Eratosthenes.

Tena Aswan haiko kusini kamili ya Alexandria. Iko mashariki yake kwa longitudo kama nyuzi 3. Kumbukeni hilo, litarudi.

#6 Saa Sita Kamili
Swali moja kwa mleta uzi kabla watu hawajanunua timazi: vivuli vilipimwa saa ngapi? Adhuhuri ya jua na saa sita ya ukutani ni vitu viwili. Kila nyuzi 1 ya longitudo ni dakika 4. Halafu kuna jua lenyewe kuchelewa au kuwahi kulingana na tarehe: mwezi Machi karibu na tarehe 21 linachelewa dakika 7 hivi, mwanzoni mwa Novemba linawahi dakika 16.

Jua likiwa karibu na utosi, dakika zinauma. Mahali ambapo kivuli cha adhuhuri kingekuwa nyuzi 12, ukipima dakika 20 kabla au baada unapata nyuzi 13. Kwenye kijiti cha mita 1 hiyo ni sm 1.8.

Leta jedwali lote. Kivuli kimoja hakitoshi kumhukumu mtu.

#7 Chaki Nyeupe
Asanteni. Nimezipigia shule zote mbili.

B walipima mara nne:
6:10 mchana – sm 28.1
6:20 – sm 27.3
6:30 – sm 27.3
6:40 – sm 27.9
Wakachora mkunjo, wakakadiria kifupi kabisa ni 27.2.

A walipima mara moja, saa 6:20, kwa sababu B waliwaambia kivuli chao huwa kifupi karibu na saa hiyo.

Na kuna jambo sikulisema mwanzo: A walipima tarehe 21 Machi, B tarehe 22. Siku ya kwanza B walifunikwa na mawingu.

#8 Mlinzi wa Zamu
Hapo hapo! Siku moja! Karibu na ikwinoksi, siku ambayo mchana na usiku hulingana, jua linahama kaskazini kwa nyuzi 0.4 kila siku. Kwa hiyo kivuli cha B tarehe 22 kilirefuka kwa nyuzi 0.4. Punguzeni.

#9 Bi Kikokotoo
Mlinzi, namba ni sahihi, upande umegeuka. Mwezi Machi jua linakuja kaskazini, yaani linawasogelea B. Kivuli chao kilifupika. Unatakiwa kuwaongezea 0.4, sio kupunguza: 15.6 toa 12.0 ni 3.6, na 360 ÷ 3.6 × 420 = km 42,000. Ukipunguza utapata 2.8 na Dunia ya km 54,000.

#10 Mlinzi wa Zamu
Nimekubali, nilishika Septemba. Lakini km 42,000 ni kosa la asilimia 5. Kwa vijiti hayo ndiyo mafanikio. Uzi ufungwe.

#11 Saa Sita Kamili
Usifungwe. Angalieni jedwali la B. Sm 28.1 saa 6:10, sm 27.9 saa 6:40. Ukiufuata mkunjo, 28.1 ya upande wa pili ingefika kama saa 6:42. Katikati ya 6:10 na 6:42 ni 6:26. Hiyo ndiyo adhuhuri ya B. (Ukitoa zile dakika 7 za Machi zinabaki 19, maana yake B wako magharibi ya longitudo inayoongoza saa yao kwa nyuzi 4 na robo tatu. Kivuli kimetoa longitudo bila ramani. Wapeni wanafunzi zoezi hilo, ni tamu kuliko lenyewe.)

Sasa A. Wamepima saa 6:20 kwa kuigiza saa ya B. Kama A wako magharibi ya B kwa longitudo nyuzi 2, adhuhuri yao ni 6:34. Wamewahi dakika 14. Kivuli chao halisi cha adhuhuri si 21.3 bali 20.4, pembe nyuzi 11.5. Tofauti na B inakuwa 3.7, jibu km 40,900. Bila kugusa tarehe, bila kugusa kijiti.

#12 Rula ya Chuma
Saa Sita, ukishasema nyuzi 2 za longitudo umejifunga mwenyewe. Nyuzi 2 huko ni zaidi ya km 200 za mashariki-magharibi. Basi zile km 420 sio za kaskazini-kusini, ni za mshazari! Kanuni ya Eratosthenes inataka umbali wa kaskazini-kusini peke yake. Kama mstari wa A hadi B umelala nyuzi 32 kutoka kaskazini, umbali unaohesabika ni km 356. Chukua pembe ya mleta uzi kama ilivyo, 3.2: 360 ÷ 3.2 × 356 = km 40,050.

Yaani pembe zilikuwa sahihi tangu mwanzo, umbali ndio mbaya. Kumbukumbu alitudokeza kwenye #5.

Na hapo sijauliza kama hizo km 420 ni za barabara. Mleta uzi, ni za barabara?

#13 Chaki Nyeupe
Zililetwa na B. Wanasema "za kwenye simu". Nimeuliza simu ilionyesha njia ya gari au mstari ulionyooka, bado sijajibiwa.

#14 Kifutio
Ngoja nikusanye mahesabu ya wataalamu. Tarehe inaongeza 0.4. Saa inaongeza 0.5. Ukungu wa kivuli unaongeza 0.53. Umbali unashuka hadi 356. Tofauti inakuwa nyuzi 4.63, jibu km 27,700. Bado kijiti cha Timazi hakijanyooshwa.

Mzingo wa Mirihi ni km 21,300 hivi. Sababu mbili tatu zaidi tutatua.

#15 Timazi
Umecheka lakini umesema kweli. Kila sababu hapa inatosha peke yake, kwa hiyo haziwezi kuwa zote kwa ukubwa huo na upande huo huo. Tarehe ina upande unaojulikana. Saa na mshazari vimefungwa pamoja: huwezi kuchukua longitudo irekebishe pembe halafu ukatae isipunguze umbali. Kijiti na ukungu vinaweza kwenda upande wowote.

Naongeza moja, samahani Kifutio: kijiti cha sm 100 kilipimwa kabla ya kuchomekwa au baada? Fimbo ya sm 100 iliyozama sm 3 ina urefu wa sm 97. Kama ni B ndio walizamisha, pembe yao ni 15.66, ukitoa 12.02 ya A inabaki 3.64, jibu km 41,500.

#16 Mzee wa Darubini
Nasoma tangu asubuhi. Walimu wenu wanakesha na vivuli wakati mtoto akiona pete za Zohali mara moja hasahau maisha. Shule ipate darubini kwanza, hesabu zitafuata.

#17 Antena
Mzee, darubini ipi? Ile ya mm 60 yenye "mara 525" kwenye boksi? Ukomo wa maana ni mara 2 kwa kila mm ya kipenyo, kwa hiyo mara 120, tena anga likiwa tulivu. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Na miguu yake mitatu inatikisika ukiigusa, ikitulia Zohali imeshatoka.

Piga hesabu ya darasa: wanafunzi 40, kila mmoja nusu dakika, ni dakika 20. Kwa mara 120 kitu kinavuka uwanja wa kuonea kwa chini ya dakika 2, kwa hiyo kila baada ya wanafunzi watatu mwalimu airudishe. Anza na mara 30 na Mwezi ukiwa nusu, sio mpevu. Mwezi mpevu hauna vivuli, mashimo yake hayaonekani.

Kwa pesa hiyo hiyo ningependa redio. Wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga huongea na shule kwa mpango wa ARISS, sauti inashuka kwenye MHz 145.800. Kinapita kila saa moja.

#18 Bi Kikokotoo
Kila dakika 92 hivi, Antena. Na sio kila mzunguko kinapita juu ya shule yako; Dunia imezunguka wakati huo.

#19 Antena
Sawa, dakika 92. Kikipita vizuri una dakika 10 toka kichomoze hadi kizame, kwa hiyo maswali yaandikwe, yapangwe foleni na kila mtoto afanye zoezi la kusema lake. Kwa kusikiliza tu hauhitaji miadi: redio ya mkononi ya FM ya masafa hayo, antena ndefu zaidi ya ile fupi ya mpira. Kikija anza na 145.8035 hivi, katikati 145.800, kikiondoka 145.7965, kwa sababu mwendo wake unavuta masafa. Siku zinaporushwa picha za SSTV (picha zinazotumwa kama sauti ya redio) unaweka simu yenye programu ya kuzisoma karibu na spika. Kwa mfumo wa PD120 picha moja huchukua dakika 2 na sekunde kadhaa. Picha zikitoka na mistari iliyolala mshazari, lawama ni ya saa ya kifaa kinachosoma, antena haina kosa.

#20 Mzee wa Darubini
Nimepigwa kwenye boksi la mara 525, nakiri. Ila jambo moja lisemwe kwenye mafunzo ya walimu, hata kama hakuna darubini: vile vichujio vidogo vya jua vinavyofungwa kwenye lenzi ya jicho vitupwe. Joto lote linakusanyika pale, kioo kinapasuka wakati jicho liko nyuma yake. Kichujio cha jua kinakaa mbele, upande wa angani. Na kama huna, tumia tundu: picha ya jua ni mm 9 kwa kila mita kutoka kwenye tundu hadi kwenye karatasi.

#21 Rula ya Chuma
mm 9 kwa mita. Ndio ule ukungu wa Bi Kikokotoo. Mzee umerudi kwenye mada bila kujua.

#22 Mkaidi wa Tatu
Naomba niwavuruge. Mnadhani shule mbili zinaonyesha Dunia ni duara? Hapana. Chukua data hiyo hiyo, sema Dunia ni bapa na jua liko karibu. Kivuli cha B kimezidi cha A kwa 0.059 ya kijiti. km 420 ÷ 0.059 = jua liko juu kwa km 7,100. Hesabu imekaa sawa, hakuna mwanafunzi atakayeipinga kwa vijiti viwili. Eratosthenes alishajua Dunia ni duara na jua liko mbali. Alipima ukubwa, hakuthibitisha umbo. Mnahitaji shule ya tatu.

#23 Bi Kikokotoo
Hoja safi, ila shule ya tatu wapi? Ukiiweka mbele ya B kwa hatua ile ile, nyuzi 18.4, Dunia duara inataka kivuli cha sm 33.3 na Dunia bapa inataka 33.1. mm 2! Na sisi hapa tunagombania ukungu wa mm 10. Shule ya tatu lazima iwe mbali sana, karibu na kilomita 5,000 kutoka mahali jua lilipo utosini. Hapo duara inataka kivuli sawa na kijiti, sm 100, na bapa yenye jua la km 7,100 inataka sm 70. Hapo hata kijiti kilichoinama kinatoa ushahidi.

#24 Mwandishi wa Ubao
Swali la kimafunzo. Walimu wanapewa namba 40,008 kabla ya kupima? Kama ndiyo, shule zote zilizoleta 39,800 na 40,300 zichunguzeni kuliko hii. Mwanafunzi akijua jibu, anachagua ukungu unaompendeza. A na B angalau hawajapika.

#25 Mlinzi wa Zamu
Hapo sikubaliani. Bila namba ya kulinganisha wangejuaje wamekosea? Uzi huu wenyewe usingekuwepo.

#26 Mwandishi wa Ubao
Wape baada ya kutuma jedwali. Jedwali kwanza, hesabu baadaye. Tena fomu isiwe na nafasi ya kivuli kimoja. Iwe na nafasi tisa, kila dakika 10 kuanzia dakika 40 kabla ya adhuhuri hadi 40 baada. Shule A isingeweza kupima mara moja kama fomu ingewakatalia.

#27 Timazi
Naunga mkono fomu. Vifaa kwa kila shule: uzi wa mita 1 na ushee, nati nzito, kadi yenye tundu la mm 3 (litobolewe kwa msumari wa moto, kingo zisichanike), ubao uliolazwa sawa, karatasi, penseli kali, saa iliyolinganishwa na ya shule mwenza. Uzi upite kwenye tundu hilo hilo la kadi, nati ining'inie hadi iguse karatasi kidogo, weka alama: hapo ndipo chini ya tundu. Ondoa uzi, usiguse kadi. Pima kimo kutoka karatasi hadi kadi, sio urefu wa fimbo. Halafu alama tisa katikati ya doa.

Na msihangaike sana na mteremko wa ubao. Ukishuka sm 1 kwa mita, kivuli cha sm 21 kinabadilika mm 0.5 tu, mradi wima umetoka kwenye timazi. Balaa ni kusimamisha kijiti kwa kona mraba juu ya ubao ulioteremka. Hapo ule mteremko wote unahamia kwenye kijiti.

#28 Saa Sita Kamili
Nyongeza kwa siku za ikwinoksi: alama tisa zitapangika kwenye mstari ulionyooka kutoka magharibi kwenda mashariki. Pitisha rula, kisha shusha mstari wa kona mraba kutoka alama ya timazi. Huo ndio kivuli cha adhuhuri, hata kama wingu lilipita saa yenyewe. Na umepata kaskazini ya kweli bila dira.

#29 Chaki Nyeupe
Fomu na vifaa nimevichukua vyote. Tutarudia. Nafikiria Juni tarehe 21, jua likiwa limesimama, ili mawingu yasituharibie: siku 5 mbele au nyuma jua halihami hata nyuzi 0.1.

#30 Saa Sita Kamili
Kwa tarehe umepona, kwa saa umejichongea. Juni jua litakuwa kaskazini yenu, vivuli vitageukia kusini, na B watabaki na nyuzi 8 tu kutoka utosini. Kosa la dakika 14 litawaongezea nyuzi 0.6. Desemba tarehe 21 B wako kwenye nyuzi 38.6, kosa hilo hilo linaongeza chini ya 0.2. Shule za kaskazini ya ikweta zipime Desemba, za kusini Juni. Na jozi ikikaa pande mbili za jua, moja kivuli kusini nyingine kaskazini, pembe zinajumlishwa, hazitolewi. Hilo liandikwe juu kabisa ya fomu.

#31 Kifutio
Desemba 21 nani yuko shuleni? Mlinzi peke yake.

#32 Mlinzi wa Zamu
Nipo. Leteni kijiti.

#33 Rula ya Chuma
Mleta uzi, kabla ya Desemba. Karatasi ya A ya tarehe 21 bado ipo? Kama walichora mstari wa kivuli na mshale wa kaskazini, tunaweza kumaliza ubishi wa #11. Wakiwa wamewahi dakika 14, kivuli chao kilipaswa kulala nyuzi 17 magharibi ya kaskazini. Wakiwa wamepima adhuhuri, sifuri.

#34 Chaki Nyeupe
Karatasi ipo, wametuma picha. Mstari umelala nyuzi 9 magharibi ya mshale. Kijiti walishakitoa, ilikuwa nondo iliyosimamishwa kwenye ndoo ya mchanga.

#35 Rula ya Chuma
Kaskazini waliipata wapi?

#36 Chaki Nyeupe
Dira ya simu. Waliilaza kando ya nondo.

#37 Timazi
Nondo ni chuma, inavuta dira. Basi hiyo 9 inaweza kuwa 0, inaweza kuwa 17.

#38 Kifutio
Na nondo kwenye mchanga imezama sm ngapi?

#39 Chaki Nyeupe
Nimeuliza. Wanasema "kidogo".